Kutoka Waya wa Baharini Hadi Simu ya Mkononi: Nani Mwenye Laini?

Ndugu wasikilizaji, leo nataka tuanze na neno moja dogo ambalo kila mmoja wetu analitamka mara nyingi kwa siku bila kulifikiria. Neno hilo ni simu. Wataalamu wa lugha wanatuambia kuwa limetoka kwa Waajemi, na kwao maana yake ni waya. Wazee wetu walipolipokea hawakuwa na habari ya chombo cha kuwekwa sikioni. Simu kwao ilikuwa ule waya wa kupelekea habari kwa maandishi, yaani telegrafu. Na neno kupiga lilifaa sana, kwa sababu karani wa simu alikuwa anapiga kweli. Alikaa mbele ya kitufe cha shaba akikigonga, mara kwa kifupi, mara kwa kirefu, na mwenzake aliye ng'ambo akaandika herufi baada ya herufi.

Leo waya umekwisha kutoka mikononi mwetu. Chombo kiko mfukoni, hakina kamba wala nguzo, na bado tunakiita waya. Tena ile kadi ndogo inayotiwa ndani yake tumeipa jina la laini, ambalo nalo ni waya tu kwa lugha nyingine. Nasema lugha yetu haikukosea. Waya bado upo, ila umefichwa. Ukitaka kujua mambo ya simu hapa kwetu, yaliyopita na yaliyopo, uliza swali hili: waya huu ni wa nani, na aliuweka kwa haja ya nani?

Turudi nyuma hadi mwaka 1879. Mwezi Januari mwaka huo jeshi la Waingereza lilipigwa vibaya na Wazulu mahali paitwapo Isandlwana, Afrika ya Kusini. Ilikuwa tarehe 22 Januari. Habari hizo hazikufika London mpaka tarehe 11 Februari, kwa kuwa hapakuwa na waya wa kuifikia Afrika ya Kusini. Zilikwenda kwa meli sehemu kubwa ya safari ndipo zikapata waya wa kuzimalizia. Dola kubwa kama ile, kukaa karibu siku ishirini bila kujua kwamba askari wake zaidi ya elfu moja wamelala chini, ilikuwa fedheha na hatari. Shauri la kuteremsha waya baharini lilikuwapo tangu zamani. Baada ya kipigo kile fedha zikapatikana upesi.

Basi kabla mwaka huo haujaisha, waya ukawa umelazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, kutoka Unguja hadi Msumbiji, na kutoka huko hadi Durban. Kazi hiyo ilifanywa na kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Eastern and South African Telegraph. Ulikuwa waya wa shaba uliofunikwa kwa utomvu mgumu wa mti wa Asia ya Kusini-Mashariki ili maji yasipenye, kisha ukazungushiwa nyaya za chuma ili usikatike kwa miamba. Aden ilikuwa imekwisha kuunganishwa na Ulaya na Bara Hindi tangu mwaka 1870. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1879, karani aliyekaa Unguja aliweza kuulizwa jambo na London leo, akajibu leo.

Nani aliyefaidi? Wafanyabiashara wakubwa walijua bei ya karafuu na pembe za ndovu katika masoko ya mbali. Makonsuli walipata maagizo ya serikali zao. Mchukuzi wa bandarini, mkulima wa Donge au mvuvi wa Nungwi hakuwa na habari nao, na hata angekuwa na habari asingeweza kulipa, maana simu ilitozwa kwa idadi ya maneno.

Lakini asiyelipia simu hakusalimika na mambo yaliyopita ndani yake. Tarehe 25 Agosti 1896, Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki dunia ghafla. Siku hiyo hiyo Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila ya ridhaa ya Waingereza. Konsuli wao, Basil Cave, akapeleka simu London kuomba ruhusa ya kupiga mizinga endapo mazungumzo yangeshindikana. Jibu la kumruhusu likamfikia kwa wakati. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti, saa tatu, manowari zilizokuwa bandarini zikafyatua, na katika muda usiotimia saa moja watu wapatao mia tano wa upande wa Khalid walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Wenyewe wanaita vita vifupi kuliko vyote duniani. Mimi huongeza kuwa vilikuwa pia vita vilivyopangwa kwa simu. Zamani swali lile lingepanda meli kwanza, na huenda watu wangekwisha kupatana kabla jibu halijarudi. Ukipita Shangani leo utaiona nyumba ya zamani ya kampuni ya waya, siku hizi imekuwa sehemu ya hoteli ya kitalii, na wageni wanakunywa chai pale palipokuwa na mlango wa habari wa pwani yote.

Upande wa bara, Wajerumani nao hawakukaa kitako. Mwaka 1890 waya ulivushwa kutoka Unguja hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Baadaye nguzo zikafuata njia za misafara kuelekea ndani, kutoka boma hadi boma. Cecil Rhodes naye alikuwa na ndoto ya kuvuta waya kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo. Waya wake ulipita Nyasaland, ukaambaa na Ziwa Tanganyika na kufika Ujiji, ukafia hapo. Mwenyewe alikuwa amekufa mwaka 1902.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, jambo la kwanza ambalo Waingereza walilijia Dar es Salaam lilikuwa mawasiliano. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari yao iitwayo Astraea ilitokea mbele ya mji, na shabaha yake ilikuwa kituo cha redio cha Wajerumani. Hawakuhangaika na ghala wala soko. Walijua kuwa adui asiyeweza kusema na kwao ni nusu ya adui.

Na mwisho wa vita ile ulitufundisha somo jingine. Ulaya walikubaliana kusimamisha mapigano tarehe 11 Novemba 1918. Jenerali von Lettow-Vorbeck wakati huo alikuwa porini karibu na Kasama, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na habari hazikuwa zimemfikia. Mapigano yakaendelea siku mbili tatu hata baada ya amani kutiwa saini. Alisalimu amri huko Abercorn, ambako leo kunaitwa Mbala, tarehe 25 Novemba. Katika vita hiyo wapagazi wetu walikufa kwa makumi elfu, wengi kwa njaa na maradhi, na mpaka leo hatuna majina yao. Kambi ya wapagazi hao, iliyoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, ndiyo iliyoacha jina la Kariakoo. Nendeni leo Kariakoo, mtaa wa Aggrey na mitaa iliyo jirani, mkaone simu zinavyouzwa kuanzia asubuhi hadi usiku. Mahali palipoitwa kwa jina la watu waliobeba mizigo ya vita pamekuwa soko kubwa la simu katika nchi yetu.

Baada ya vita Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, na mwaka 1933 idara za posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa. Wenye umri mkubwa watakumbuka stempu zilizokuwa na majina ya nchi zote tatu. Uhuru ulipokuja, shirika likabaki moja, na Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1967 ukaamua makao yake makuu yawe Kampala. Mwaka 1970 Kenya ilifungua kituo cha setilaiti cha Longonot, katika Bonde la Ufa. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Ndugu watatu wakagawana mali, na kila mmoja akaondoka na kipande chake cha waya. Hapa nchini tukaanzisha Shirika la Posta na Simu Tanzania.

Sitaki kulisema vibaya shirika lile. Lilirithi nyaya chakavu, mitambo ya aina mbalimbali isiyosikilizana, na nchi kubwa isiyo na fedha za kigeni. Lakini ukweli ni kuwa hadi mwanzo wa miaka ya 1990 hapakuwa hata na laini moja kwa kila watu mia moja, na nyingi kati ya hizo chache zilikuwa Dar es Salaam na katika ofisi. Mtu aliandika maombi ya simu, akasubiri miaka, na aghalabu akafa akiwa bado kwenye orodha. Mwenye simu nyumbani alikuwa mtu wa kutajwa mtaani. Aliiwekea kitambaa cha kufuma na kufuli kwenye duara la kupigia, ili watoto na wageni wasimtie hasara.

Je, sisi wengine tuliishije? Tuliishi kwa barua, kwa kumtuma mtu na kwa redio. Mimi nimekulia wilaya moja ya mkoa wa Tabora, na kwa watu wa rika langu redio ndiyo ilikuwa simu yetu. Kulikuwa na kadi za salamu, ambapo mtu wa Mpanda alimsalimu shemeji yake wa Tanga akiomba na wengine mia wasikie. Na kulikuwa na matangazo ya vifo. Nadhani hakuna kipindi kilichosikilizwa kwa utulivu zaidi katika historia ya utangazaji wa nchi hii. Mtangazaji alisoma jina la marehemu, jina la anayetoa taarifa, siku ya mazishi, kisha orodha ndefu ya ndugu na mahali walipo: fulani wa Nzega, fulani wa Urambo, fulani wa Kigoma. Mwisho akasema habari ziwafikie. Watu waliacha vijiko hewani.

Mwaka 1991 shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alifariki Dar es Salaam. Taarifa ikapelekwa redioni, ikasomwa jioni. Nyumbani kwetu betri za redio zilikuwa zimekwisha, zimeanikwa juani juu ya bati kama ilivyokuwa desturi ili zipate nguvu kidogo. Jirani ndiye aliyesikia jina la baba likitajwa, akaja usiku kugonga mlango. Baba aliondoka alfajiri kutafuta treni. Alipofika Dar es Salaam, shangazi alikuwa na siku mbili kaburini. Baba aliporudi hakusema mengi, ila tangu siku ile hatukukosa betri nyumbani hata kama tumekosa sukari. Nasimulia haya kwa sababu najua kila nyumba ina kisa cha namna hiyo. Hivyo ndivyo kukosa simu kulivyokuwa, na ni vema vijana wakajua.

Mabadiliko yakaja mwaka 1993, pale Bunge lilipotunga sheria mpya ya mawasiliano. Shirika la Posta na Simu likagawanywa: posta ikawa peke yake, Kampuni ya Simu, yaani TTCL, ikawa peke yake, na ikaundwa Tume ya Mawasiliano ya kusimamia. Milango ikafunguliwa kwa watu binafsi. Mwaka 1994 ikaanza kampuni ya Mobitel, ya kwanza ya simu za mkononi hapa nchini, na kwa muda mrefu watu wengi waliita simu yoyote ya mkononi mobitel. Ilikuwa simu ya wakubwa. Chombo kizito, antena imechomoza, na mwenye nacho alizungumza kwa sauti kubwa ili hata wa ng'ambo ya barabara ajue.

Hapa ni vema nieleze kidogo mtambo wenyewe unavyofanya kazi, kwa sababu wengi hudhani sauti inaruka hewani kutoka simu hadi simu. Siyo hivyo. Nchi hugawanywa katika vieneo vidogo vidogo, kila kimoja na mnara wake. Simu yako inasema na mnara ulio karibu tu. Masafa yale yale yanayotumika katika kieneo hiki yanaweza kutumika tena katika kieneo cha mbali kidogo bila kugongana, na ndiyo sababu watu wengi sana huweza kuzungumza kwa wakati mmoja. Ukiwa ndani ya basi, mnara mmoja unakukabidhi kwa mwingine bila wewe kujua. Na kutoka mnarani, mazungumzo yako huchukuliwa kwa mitambo mingine au kwa waya hadi kwa unayempigia. Kwa hiyo ni kipande cha mwisho tu kilichokuwa huru na waya. Lakini kipande hicho cha mwisho ndicho kilichokuwa kimetushinda miaka yote, maana kuvuta nyaya za shaba hadi kila nyumba katika nchi kama yetu ni gharama isiyomithilika, na nyingine zilipovutwa ziliibwa.

Hata hivyo mnara peke yake usingeifikisha simu kwa muuza mchicha. Kilichoifikisha ni vocha. Simu ya mezani ilitaka mkataba, dhamana, anuani, na bili ya mwisho wa mwezi. Kampuni ilitakiwa kukuamini kwanza, na mtu asiye na mshahara haaminiwi. Vocha iligeuza mambo: unalipa kwanza, unazungumza baadaye, na hakuna anayekuuliza unafanya kazi gani. Zantel ilipoanza mwaka 1999, Vodacom mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001, ushindani ukashusha bei, vocha zikawa ndogo ndogo, na sarafu ya kukwangulia ikawa na kazi mpya.

Na wananchi wakaonyesha akili zao. Kwa kuwa simu isiyopokewa haikutozwa, tukabuni kubipu. Bipu moja nimefika, bipu mbili nipigie, bipu tatu mambo yameharibika. Hakuna mhandisi wa Ulaya aliyebuni lugha hiyo. Hata hapa studioni tulibipiwa na wasikilizaji waliotaka redio iwapigie wao ili waombe wimbo, na wengine walilalamika kwamba tumechelewa. Vijijini palikuwa na kichuguu fulani au mwembe fulani uliojulikana kwa mtandao, na jioni ungewakuta watu wamejipanga pale kama wanaongoja maji.

Jambo kubwa zaidi likafuata. Watu waliokuwa mjini walianza kuwatumia wazazi wao namba za vocha, na mzazi akaiuza vocha ile dukani akapata fedha taslimu. Yaani vocha ilikuwa imekwisha kuwa fedha kabla makampuni hayajaamua iwe fedha. Mwezi Machi 2007 Safaricom ya Kenya ikaanzisha M-Pesa, na mwaka 2008 Vodacom ikaileta hapa Tanzania. Kabla ya hapo, pesa ya mgonjwa ilipelekwa kwa kondakta wa basi ndani ya bahasha, ukimwomba Mungu kondakta awe mwaminifu na basi lisipinduke. Leo pesa inafika kabla mgonjwa hajafikishwa hospitali. Hili ni jambo la kujivunia sote, kwani Afrika Mashariki katika hili haikufuata nyayo za mtu. Wengine wamekuja kujifunza kwetu.

Mwishoni mwa mwaka 2023 zilihesabiwa laini zaidi ya milioni 70 hapa nchini, na akaunti za fedha za simu zaidi ya milioni 50. Sensa ya mwaka 2022 ilitupa watu 61,741,120. Laini zimewazidi watu. Bila shaka wengine wana laini mbili au tatu mfukoni, na wengine hawana hata moja, lakini ukilinganisha na ile laini isiyofikia moja kwa watu mia, utaona tumetoka mbali sana, na tumetoka huko ndani ya umri wa mtu mmoja.

Baada ya kusema hayo, narudi kwenye swali langu la mwanzo. Waya ni wa nani?

Mwezi Julai 2009 Rais Kikwete alizindua hapa Dar es Salaam mkongo wa baharini uitwao SEACOM, na mwaka uliofuata ukaja mwingine uitwao EASSy. Badala ya shaba ni nyuzi za kioo nyembamba kama unywele zinazopitisha mwanga. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipanda angani kwenye setilaiti na kushuka, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kobe. Mikongo hiyo imeshuka pwani yetu kuelekea Msumbiji na Afrika ya Kusini. Ukitazama ramani utastaajabu: ni karibu njia ile ile ya mwaka 1879.

Basi tarehe 12 Mei 2024 mikongo yote miwili ikakatika kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini. Kwa siku kadhaa Tanzania na majirani zake wakapapasa gizani. Barua za ofisi hazikwenda, malipo yakasuasua, vijana wanaojipatia riziki kwa intaneti wakakaa vibarazani. Hapo ndipo wengi walipotambua kuwa ile simu isiyo na waya ina waya, na waya wenyewe uko chini ya bahari katika maji ya watu wengine, na meli ya kuutengeneza ni ya kuagizwa.

Bahari ikikata, tunasema ni ajali. Lakini kuna kukatika kwingine. Wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020 baadhi ya mitandao ya kijamii ilizuiwa hapa nchini, na Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa nchi nzima na kubaki hivyo kwa siku kadhaa. Sisemi hapa mambo ya siasa, wapo wanaoyasema. Nasema jambo la historia. Mwaka 1896 waya uliowekwa kwa haja ya wakubwa ulitumiwa na wakubwa kuamua mambo ya Unguja, na watu wa Unguja hawakuwa na sauti ndani yake. Tofauti ya leo ni kwamba waya umeshikilia maisha ya kila mtu. Mama anayeuza vitumbua ameweka akiba yake ndani ya simu. Mgonjwa anapata namba ya daktari humo. Mwanafunzi anapata matokeo humo. Ukizima, humzimi mchochezi peke yake, unamzima na mama wa vitumbua.

Na hata pasipo kuzimwa, mwenye laini ana uwezo wa kutukwangua kidogo kidogo. Mwaka 2021 serikali iliweka tozo kwenye miamala ya simu, wananchi wakalia, ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Kilio kilisikika, na hilo ni jambo jema. Lakini kuna makato yasiyokuwa na tangazo. Mimi mwenyewe nilikatwa salio kila siku kwa muda wa miezi miwili na kampuni moja, kwa huduma ya nyimbo ambayo sikuiomba. Nilipopiga kuuliza niliambiwa niliikubali kwa kubonyeza namba. Mimi ni mtu wa redio, ninajua pa kulalamika, na nilirudishiwa. Je, bibi yangu wa kijijini, asiyesoma ujumbe wa Kiingereza unaotoweka kabla hajavaa miwani, atalalamika wapi?

Upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006, ili minara ifike kule ambako kampuni haioni faida. Umefanya kazi, na minara mingi isingekuwapo bila huo. Lakini bado kuna vijiji ambavyo mtu anayetaka kumwita mkunga hupanda mlima kwanza. Kwa watu hao mwaka 1991 haujaisha.

Ndugu wasikilizaji, mimi naona tuna haki ya kudai mambo matatu, na si makubwa. La kwanza, njia za kutokea ziwe nyingi, ili meli moja ikivuta nanga vibaya nchi isinyamaze. Zipo nyaya za nchi kavu zinazotuunganisha na majirani, ziimarishwe. La pili, kuzima mawasiliano ya wananchi liwe jambo la kuamuliwa na mahakama, kwa sababu zinazotajwa hadharani, kama vile polisi wanavyotakiwa kuwa na hati kabla ya kupekua nyumba. La tatu, kila senti inayokatwa kwenye simu ya mtu ielezwe kwa Kiswahili anachokielewa, kabla haijakatwa.

Waya wa kwanza ulipita pwani yetu bila kutuuliza. Minara imejengwa kwa vocha zetu, shilingi mia kwa shilingi mia tano, kwa miaka karibu thelathini. Aliyelipia nguzo ana haki ya kuuliza habari za laini.

Tukijaaliwa, tuonane tena juma lijalo.